Gari la Jumatatu

Nilimaliza mafunzo ya umakanika VETA Chang'ombe mwaka 1996, na mwezi uleule nikaingia Gerezani kwa mzee mmoja aliyekuwa na uwanja mdogo nyuma ya maduka ya spea. Magari yetu yalikuwa Peugeot 504, pikapu za Datsun, Land Rover 109 na malori ya Isuzu. Kabureta ilifunguliwa kwa bisibisi, platini zikapigwa msasa, taiming ikawekwa kwa kusikiliza. Yule mzee alikuwa akisimamisha bisibisi ndefu juu ya bloku, anatega sikio kwenye mpini, halafu anakuonyesha kwa kidole silinda yenye valvu iliyolegea. Hakuwa mtu wa maneno. Kwake nilijifunza kwamba gari halifunguliwi kabla halijasikilizwa, na hadi leo kijana akinijia na spana mkononi wakati injini haijawashwa, namrudisha akaiweke chini.

Baadaye mitumba ya Japani ikaigeuza kazi yetu. Zilishuka bandarini Starlet, Corolla, Carina na Mark II, na kabureta zikaanza kutoweka. Kila kitu kikawa na sensa. Mafundi wengi wa rika la mzee waliuchukia ule utitiri wa nyaya. Nimeona gari lililokatwa nyaya zote za nozeli na kufungwa kabureta ya zamani. Mimi nilizipenda. Jioni nilikwenda Kariakoo kwa fundi redio mmoja anifundishe kutumia mita, nikajua volti tano zikiingia kwenye sensa zinapaswa kurudi ngapi, na zikirudi pungufu maana yake nini. Masomo yale ya jioni ndiyo yaliyonipa maisha.

Subaru Impreza niliipenda kwenye ukurasa wa michezo kabla sijaigusa. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo: buluu, rimu za dhahabu, tope hadi kwenye paa. Picha moja niliikata nikaibandika juu ya meza ya spana. Mzee aliitazama siku nyingi bila kusema kitu, kisha akaanza kunisimulia Safari ya zamani, ile ya Afrika Mashariki nzima, ilipokuwa ikikatiza pia barabara za Tanganyika. Alichokumbuka ni magari yaliyokwama, na wanavijiji waliolipwa kuyasukuma. Kwa mafundi wa wakati wake swali lilikuwa nani atafika.

Kilichonivuta mimi ni muundo. Silinda nne zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo uzito wa injini uko chini karibu na barabara. Magurudumu yote manne yanavuta. Na vyote hivyo vimewekwa ndani ya gari dogo la familia lenye viti vitano. Gari la kushinda mashindano ambalo pia linapeleka watoto shule: sikuwahi kuona wazo zuri kuliko hilo.

Yangu niliipata mwaka 2011. Ni WRX ya mwaka 2003, umbo la wagoni, gia za mkono, injini ya EJ20 yenye tarbo na ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. Japani iliuzwa ikiwa na nguvu za farasi 250. Mwenyewe alikuwa mteja aliyeichoka. Ilichemsha kila ikikaa foleni, ilikunywa petroli kama lori, na mafundi kadhaa walikuwa wameshaipitia. Akaniambia, "Fundi, ichukue, utanipa kidogokidogo." Tangu siku hiyo ndilo gari langu la pekee. Alfajiri linatoka Mbezi, linapita Kimara, Ubungo, Magomeni, linashuka bonde la Jangwani na kuingia Gerezani. Usiku linarudi njia hiyohiyo. Nyuma linabeba silinda hedi, giaboksi, jeki, na Jumamosi magunia ya mkaa. Wenzangu walidhani nitalitengeneza la kuonyesha Coco Beach. Mimi nilitaka gari lenye mbio ambalo Jumatatu saa kumi na moja na nusu linawaka, linanifikisha kazini, na mteja anaponipigia kwamba amekwama Kibaha, linakwenda huko pia. Kila nilichobadilisha nilikipima kwa swali hilo la Jumatatu.

Nikaanza na joto, maana Dar es Salaam ndilo linaloua injini nyingi. Nilipofungua kifuniko cha chini ya pampu ya maji sikukuta themostati. Ilikuwa imetolewa, kama inavyotolewa kwenye magari mengi mjini hapa, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hii nimepigana nayo maisha yangu yote ya kazi na sitaacha. Themostati ya Subaru hufunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuibakisha hapo. Ukiitoa, alfajiri barabara ikiwa wazi maji yanabaki vuguvugu. Kompyuta inasoma kwamba injini bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika, na mwenye gari analalamika kwamba Subaru zinakunywa. Na kuchemsha kwenyewe kunabaki palepale, kwa sababu chanzo hakikuwa themostati.

Chanzo kilikuwa maji. Gari lilijazwa maji ya kisima kwa miaka, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Rejeta niliipasua ili nione ndani: nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na kutu na chokaa. Feni moja ilikuwa imekufa. Springi ya mfuniko wa rejeta ilikuwa imelegea, na mfuniko ukilegea mgandamizo haupandi, maji yanachemka mapema kuliko inavyotakiwa. Nikafunga rejeta mpya, feni mbili, mfuniko mpya, themostati ya orijino, na kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Halafu kuna kazi ambayo wengi huiruka: kutoa hewa. Kwa kuwa silinda zimelala, hewa hujificha ndani ya hedi na kwenye mipira ya hita. Nililinyanyua gari pua juu, nikafungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta, nikajaza polepole kupitia tangi la juu huku hita ikiwa wazi, nikaliacha lipate moto na kupoa, nikajaza tena. Nusu siku nzima ya kazi. Sindano ya joto haijapanda tangu hapo, hata kwenye foleni ya mwezi wa Januari huku kiyoyozi kikifanya kazi.

Intakula ya gari hili imekaa juu ya injini, na tundu la kwenye boneti ndilo linaloipelekea hewa. Kati ya tundu na intakula kiwandani waliweka sponji ya kuziba pembeni ili hewa isikwepe. Sponji ile ilikuwa imetupwa na mtu aliyeiona haina maana. Nikanunua sponji ya godoro gumu, nikaikata kwa umbo lake, nikaigandisha na gundi inayohimili joto. Sijawahi kufanya badiliko la bei ndogo hivyo lililosaidia gari kiasi kile.

Petroli ina habari ndefu zaidi. Mwaka niliolipata gari hili nchi ilikuwa bado inapona uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa hiyo wajanja waliyachanganya na petroli na dizeli. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Sisi mafundi tuliona matokeo yake mezani: pampu zilizokufa, plagi nyeusi, pistoni zilizovunjika. Gari lisilo na tarbo linavumilia mafuta mabaya kwa kukohoa na kupoteza nguvu. Gari lenye tarbo linapasuka. Hewa imeshashindiliwa kabla haijaingia kwenye silinda, na petroli dhaifu ikikutana na mgandamizo na joto hilo inajilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Tunasema injini inagonga. Kwenye EJ20 pigo hilo linaangukia ukingo mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi. Ukingo ukimeguka, mgandamizo wa silinda hiyo umekwenda, na injini inafunguliwa yote.

WRX ilipangwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha huko huanzia oktani 96. Sikuwa tayari kuikabidhi injini yangu kwa imani kwamba kila kituo kutoka Mbezi hadi Makambako kinatoa kitu hicho. Nikamtafuta kijana aliyesoma kompyuta chuo kikuu na aliyekuwa na waya wa kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari. Tukakaa usiku mwingi uwanjani, mimi nikieleza injini inahitaji nini, yeye akieleza jedwali lipi linaamua nini. Tukarudisha nyuma taiming ya cheche kwenye mzigo mkubwa, na shinikizo la tarbo tukaliteremsha hadi chini kidogo ya bar 0.8. Badiliko la kwanza nililolifanya kwenye nguvu za gari hili lilikuwa kuzipunguza. Kisha tukalipeleka barabara ya Kibaha alfajiri, mimi nikiendesha, yeye akisoma kwenye skrini kile ambacho sensa ya kugonga inasikia. Tuliporidhika kwamba hakuna kugonga popote, nilijua nina gari.

Vijana wanaponijia na Impreza zao, ugomvi wetu huanzia hapo. "Shikamoo mzee, nataka itoe moto." Wanataka shinikizo lipandishwe, salensa ikatwe, filta ya koni ifungwe mahali pa boksi la kiwandani. Nawakalisha chini. Kompyuta ya gari hili inapima hewa kwa sensa iliyo kwenye bomba mara tu baada ya filta. Ukibadilisha umbo la njia hiyo, vipimo vinapotoka, na petroli inayomwagwa inaweza kupungua wakati injini inapoihitaji zaidi. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya nje, tena kutoka juu. Mteja wangu mmoja alishusha filta nyuma ya bampa, penye ubaridi, akaonekana wa kisasa hadi mvua za masika zilipofurika Jangwani. Aliingia kwenye maji ya magotini, injini ikavuta maji, konrodi ikapinda. Maji hayashindiliki.

Kuhusu sauti, naielewa tamaa yao, kwa sababu nami naipenda. Mngurumo ule wa Subaru unatokana na mabomba ya ekzosti yenye urefu usiolingana: moshi wa silinda moja unafika kwenye tarbo ukiwa umekaribiana na wa nyingine, kisha pengo, kisha tena. Ni sauti ya muundo wenyewe. Ukikata salensa unaongeza kelele juu yake na kuiharibu, na unawaamsha wagonjwa na watoto wachanga wa mtaa mzima. Salensa ya gari langu ni ya kiwandani. Ukisimama karibu unausikia mngurumo vizuri kabisa.

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, ingawa makopo yanaahidi zaidi. Makopo hayajui foleni. Saa nzima kati ya Kimara na Magomeni inaongeza kilomita chache kwenye dashibodi huku injini ikizunguka muda wote huo, kwa hiyo anayehesabu kilomita peke yake anajidanganya. Kila filta ninayoitoa naikata, nainyoosha karatasi yake chini ya taa na kutafuta vumbi la chuma. Ukiliona, beringi za konrodi zimeanza kuongea, na bado una nafasi ya kuokoa krenki. Jambo jingine ambalo wenye Subaru za tarbo za miaka ile wanapaswa kulijua: kwenye nyingi ya injini hizo, boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tarbo ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Oili ikichakaa, wavu unaziba, tarbo inakauka na kufa, na mwenye gari ananunua tarbo nyingine inayokufa vilevile. Nimekuta hilo kwa wateja waliokwishalipia tarbo ya pili. Boliti yenyewe inatoka kwa spana moja.

Mkanda wa taiming nilibadilisha kabla gari halijatoka uwanjani mara ya kwanza, pamoja na puli zake na pampu ya maji. Kiwanda kinasema kilomita 100,000, lakini kilomita za dashibodi ya gari la mtumba siziamini. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni.

Miguu ya gari niliijenga kwa ajili ya mama yangu, aliyekuwa akiishi Iringa. WRX inatoka kiwandani chini, na vijana wanaishusha zaidi. Mimi niliinua. Shokapu na springi za Forester zinaingia kwenye Impreza kwa marekebisho madogo, na zilinipa nafasi ya sentimita nne hivi juu ya matuta. Rimu za inchi 17 zenye tairi nyembamba niliziuza, nikarudi inchi 16 zenye tairi nene kidogo, kwa kuwa shimo linalopindisha rimu ya 17 linapita chini ya tairi nene bila hasara. Zote nne ni za aina moja na zimelika sawa. Gari linalovuta kwa magurudumu manne halikubali tairi moja mpya na tatu kuukuu. Difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika kusawazisha tofauti hiyo, inapata joto na kufa. Wateja wananiona mkali ninapokataa kufunga tairi moja. Nitaendelea kukataa.

Safari ya Iringa ndiyo iliyolipima gari lote. Unatoka Dar na joto lake, unakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50 ukienda taratibu kwa ajili ya wanyama, vijijini unashika 50 kwa saa kwa heshima ya watoto wanaovuka na ya trafiki mwenye tochi, halafu unaanza kupanda Kitonga. Malori yamepanga mstari, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo tarbo inapofaa kazi. Unapata nafasi ya kupita lori, gia ya tatu, shinikizo linapanda, gari linaruka mbele na kurudi upande wake kabla hujamaliza kushusha pumzi. Mbio za namna hiyo zinakuondoa hatarini, na hizo ndizo ninazozitaka.

Kushuka ni kazi ya breki. Nilifunga mbele breki za pistoni nne, na mafuta ya breki nabadilisha kila baada ya miaka miwili bila kungoja dalili. Mafuta hayo yanafyonza unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi; yakishafyonza yanachemka kwa joto dogo zaidi, na pedeli inazama sakafuni katikati ya mteremko. Kwa hiyo breki mpya juu ya mafuta ya zamani sizihesabu kuwa breki. Hata hivyo Kitonga nashuka kwa gia ya pili, injini ikinishikia gari, breki nikizigusa tu penye kona.

Mama alilipenda gari hili. Alikuwa akiliita "hilo linalonguruma" na alijua nimefika kabla sijapiga hodi. Alipougua, ndilo lililompeleka hospitali usiku wa mvua kwenye barabara ya udongo, na halikuteleza hata mara moja. Kwa hilo pekee lilikwishanilipa.

Sasa injini hizi zimekoma. Subaru waliifungia EJ20 mlango kwa toleo la mwisho la WRX STI, lililotangazwa mwaka 2019, magari 555 peke yake. Spea mpya zinazidi kuwa ngumu kupatikana na feki zinaongezeka: mikanda, sensa, hata filta za oili zenye boksi sahihi na karatasi ya hovyo ndani. Injini za mtumba zinakuja kutoka Japani na kutoka yadi za Sharjah, na ninapokwenda kuchagua sisikilizi maneno ya muuzaji. Naizungusha krenki kwa mkono, natoa plagi na kutazama rangi zake, nafungua sampu kama wataniruhusu. Wasiporuhusu, naondoka.

Bloku ya akiba ipo mezani wiki hii. Nimeipata nzima, na ninaijenga polepole kwa pistoni zenye nguvu kuliko zile za kiwandani, ili siku injini ya gari itakapochoka ibadilishwe mwisho wa wiki mmoja, na Jumatatu niende kazini. Anayeipima ni binti aliyetoka VETA ileile niliyosoma. Anaweka uzi wa plastiki juu ya shingo ya krenki, anafunga beringi kwa kipimo, anafungua, anasoma upana wa uzi uliobanwa na kuandika kwenye daftari. Shingo tatu za kwanza ziko sawa, ya nne imekaribia mpaka. Nimemwambia aipime tena kesho bloku ikiwa imelala usiku kucha kwenye ubaridi. Ikitoa jibu lilelile, tunaagiza beringi za saizi inayofuata.